Nimekusoma, Martina

"Dada, nakala zangu tayari?"

Febronia hakusikia. Alikuwa amesimama pembeni ya mashine ya fotokopi, simu mkononi, macho kwenye kioo chake. Mteja aliporudia mara ya tatu ndipo alipomkabidhi karatasi zake, tena pungufu. Akakaa kwenye stuli, akausoma upya ule ujumbe.

"dada shikamoo mimi Martina niko Mitundu nina mimba ya miezi saba ile ya kwanza iliharibika sasa shida sio mimi ni mume wangu Naftali anaogopa kila nikienda kliniki anatetemeka maana mke wake wa kwanza alikufa na uzazi huko kwao Kinampanda yeye na mtoto wote mtoto aliitwa Tumsifu wakamzika na kitenge cha kijani chenye tausi akimtaja huyo mtoto analia mpaka na mimi nalia nimfanyeje apone"

Tumsifu alikuwa mtoto wa Febronia. Na mumewe, Alphonce Naftali, mnunuzi wa asali, kila mwezi hukaa Mitundu majuma mawili.

Tumsifu alizaliwa amekufa mwaka 2012, akazikwa kwa babu yake Kinampanda. Tangu siku ile Alphonce hakuwahi kulitamka jina hilo. Febronia akianza kulia, yeye anavaa viatu na kutoka. Akisema, "Baba Tumsifu, tuongee," anajibiwa, "Yameshapita hayo."

Kilichomwokoa ni kundi la kwenye simu. Ilikuwa 2015, simu za kupangusa zimeshuka bei hadi muuza vitunguu anayo. Mkunga mstaafu wa Kiomboi, mama Elina, aliwakusanya akina mama waliopoteza watoto, akaliita kundi "Mikono Mitupu". Lakini lilikaribia kufa. Mtu anamwaga kilio chake chote kwa pumzi moja, hakuna nukta, hakuna pa kupumzikia. Wenzake wanakiruka, wanatuma picha za maua ya habari za asubuhi. Mama mmoja wa Mkalama aliandika habari za mapacha wake, siku mbili hakujibiwa na mtu. Akajitoa kimyakimya.

"Watu hawa hawana roho!" mama Elina alifoka siku ile.

"Roho wanayo, mama. Hawaoni pa kuanzia kusoma," Febronia akamwambia. Yeye kazi yake ni kuwachapia watu barua pale Mwankoko, Singida, anajua. "Wanitumie mimi kwanza. Nitakata vipande vifupi, juu niandike mwenyewe anataka nini: anaomba ushauri, anaomba maombi, au anataka kusikilizwa tu. Jina natoa."

"Na wasomaji je?"

"Asiye na la kusema aandike 'Nimekusoma', halafu ataje jambo moja aliloliona kwenye maneno ya mwenzake. Mwenye kilio ajue amesomwa kweli."

Kundi likafufuka. Mama Elina alimwapisha jambo moja tu: linalomfikia yeye lisitoke kwa mwingine. Sasa kiapo kile kilimzuia hata kumuuliza Alphonce. Akampigia mama Elina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Nimetumiwa ujumbe. Mume wa huyo dada ni mume wangu. Amemwambia mimi nimekufa."

Mama Elina akazima redio iliyokuwa ikisikika nyuma yake.

"Una hakika?"

"Kitenge ni changu, mama. Mtoto ni wangu."

"Alphonce yuko wapi?"

"Yuko hapa Singida. Kesho kutwa anasafiri."

"Basi nisikilize. Usimkabili Alphonce kwa maneno ya huyo binti. Hayo si yako, ni ya aliyekuamini. Zungumza na binti kwanza. Na ujue ana mimba ya miezi saba, tena alishapoteza moja. Uongee naye mchana, awe amekaa, awe na mtu wake karibu."

"Na ujumbe wake niuweke?"

"Utaweza?"

"Hana kosa, mama. Anasubiri kujibiwa."

Akauweka. Alikata vipande vinne, akatoa majina yote na kijiji, juu akaandika: ANAOMBA USHAURI. MUMEWE ALIFIWA, SASA ANAOGOPA. Majibu yakaanza kumiminika, naye akayasoma moja baada ya jingine.

"Nimekusoma. Nimeona unalia naye. Usimwache alie peke yake."

"Nimekusoma. Mungu ampumzishe huyo dada na kichanga chake."

"Nimekusoma. Pole sana kwa mumeo, inaonekana alimpenda mno marehemu."

Febronia akaweka simu kifudifudi juu ya meza. Alilia kwa sauti, mlango wa duka ukiwa wazi. Kuitwa marehemu hakukumuuma kama lile neno moja la Martina: analia. Miaka mitatu amelala kitanda kimoja na mtu huyu, hakuwahi kuona hata chozi. Kumbe machozi yalikuwepo, yanapelekwa Mitundu.

Usiku hakusema kitu. Alphonce alikula, akasifu mlenda, akalala. Asubuhi alipotoka kwenda mjini, Febronia akapiga simu.

"Martina, hujambo? Ni mimi ninayepanga jumbe za kundi."

"Dada! Shikamoo. Asanteni jamani, nimesoma majibu yote."

"Marahaba. Uko na nani hapo?"

"Niko na mama, tunapukuchua mahindi."

"Umekaa?"

"Nimekaa. Kwani kuna nini, dada?"

"Naitwa Febronia. Mimi ndiye mama Tumsifu."

Mlio wa punje kwenye ungo ulikoma.

"Mama Tumsifu alikufa," Martina akasema taratibu.

"Sijafa, mdogo wangu."

"Usinitanie na mambo ya msiba!"

"Kile kitenge nilishonewa siku ya kuagwa nyumbani kwetu kabla ya harusi. Kilibaki kipande, ndicho tulichomfunga mtoto. Gauni lenyewe ninalo. Nikupigie picha?"

Martina akakata simu. Febronia akatuma picha ya gauni, na ya harusi, wamesimama mlangoni mwa kanisa, Alphonce amenyoa denge. Dakika kumi alikaa anajilaumu, anamfikiria yule mtoto tumboni. Kisha simu ikaita.

"Dada." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Alikuja kutoa posa kwa mama yangu akiwa amejifunga utepe mweusi mkononi. Mama alimwonea huruma kuliko mimi."

"Pole, Martina."

"Wewe unanipa pole?"

"Sasa nimpe nani?"

Martina akapenga kamasi.

"Kesho anakuja," Martina akasema. "Na wewe njoo. Nataka aniambie wewe ukiwa umekaa mbele yake."

Alphonce aliondoka alfajiri kwa pikipiki ya mwenzake, kwanza apitie kwa warina asali wa njiani. Febronia akapanda basi hadi Itigi, akabadilisha gari, akafika Mitundu saa tisa, nguo nyekundu kwa vumbi. Martina alikuwa mdogo kuliko alivyomfikiria, miguu imemvimba. Hawakukumbatiana. Martina alimletea maji ya kunawa, akamwonyesha kiti cha ndani.

Haikupita saa moja, pikipiki ikanguruma nje.

"Mama kijacho, hujambo?" Alphonce aliingia na tabasamu.

"Sijambo. Baba, kuna mgeni. Anauliza kaburi la mke wako liko wapi."

Alphonce akageuka. Mfuko ukamponyoka.

"Febronia..."

"Abee."

"Umefikaje hapa?"

"Wafu hawaulizwi nauli. Mjibu Martina."

Mama yake Martina alisimama mlangoni na ungo wake. Alphonce akatafuta pa kukaa, akakosa, akachuchumaa ukutani.

"Sikupanga," akasema. "Nilifika hapa mara ya kwanza mwaka ule ule, watu wakaniuliza mbona nimekonda. Nikasema nimefiwa. Wakauliza, mke? Nikaitikia tu. Wakanipa pole, Febro. Kijiji kizima kikanipa pole. Nyumbani pole zote zilikuwa zako, mimi naambiwa jikaze."

"Na mimi nilikuambia ujikaze?"

"Hapana."

"Nilikuambia tuongee. Mara ngapi?"

Alphonce akainamisha kichwa.

"Nikikuangalia wewe namwona yeye. Nilishindwa."

"Kwa hiyo ukaniua ili upate nafasi ya kulia." Febronia akasimama. "Nilikuwepo, Alphonce! Nililala ubavuni kwako, maziwa yananitoka na hakuna wa kunyonya, wewe unavaa viatu. Ungemtaja mara moja tu. Mara moja!"

Alphonce akaanza kulia pale chini, kilio kile alichokisimulia Martina. Febronia alimtazama. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukiona.

Martina akashika kiuno, akainuka kwa shida.

"Mimi ulinipa msiba wa uongo nikaubeba na mimba juu," akasema. "Mtoto akizaliwa utaitwa umwone. Leo toka nyumbani kwa mama."

Martina alijifungua salama huko Itigi, mtoto wa kike, kilo tatu. Habari alimtumia Febronia kwanza, na Febronia akaiweka kundini bila kubadilisha hata herufi moja.

Baada ya wiki mbili Alphonce, ambaye hakurudi nyumbani tangu ile siku ya Mitundu, alisimama mlangoni pa duka. Alikuwa amekwisha kuonana na mchungaji na baba yake Febronia. Wote walimwambia aende kwa mwenyewe.

"Sikuja kuomba chakula," akasema. "Nimekuja kuongea habari za Tumsifu."

Febronia akamwangalia, akamsogezea stuli. "Wewe ni baba yake. Kaa."

Alphonce akaongea. Alieleza jinsi alivyombeba toka wodini, alivyomfunua uso njiani, kwamba alikuwa na nywele nyingi na kidevu cha babu yake. Febronia hakuwahi kuambiwa habari za nywele. Alisikiliza yote, machozi yakimtiririka hadi shingoni, wateja wakichungulia na kuondoka.

Alipomaliza, akajipangusa.

"Asante kwa kuniambia."

"Basi nirudi nyumbani, mke wangu?"

"Hapana."

"Febro, nimekosa. Nihukumu, lakini nirudishe."

"Mkeo ulimzika, Alphonce. Pole ukapewa, ukazipokea." Akasimama, akaiwasha mashine. "Nenda. Nina kazi."