Zuio la Jumamosi

"Imeshindikana tena," fundi alijisemea, akaisukuma kibodi. Mara ya tatu asubuhi hiyo.

Simu ikaita. Mama yake.

"Mwanangu, saa nane watu wanakuja kukuposa. Uko wapi?"

"Kazini, mama. Seva nne zimekataa masasisho ya programu. Zisipokubali, sitoki."

"Yaani posa yako tuijibu sisi?"

"Sijui hata kama kuna cha kujibu. Jumatano nilimwambia mposaji mwenyewe kuwa Jumamosi nina kazi, akaniandikia 'Sawa', basi. Anayekutaka anasema 'Sawa' tu?"

"Huyo si ndiyo maana mnamwita Mkimya?"

Fundi alikata simu. Moyo ulikuwa unamuuma, na hasira zake zote akazimalizia kwa seva. Diski zilikuwa na nafasi tele. Mtandao haukuwa na neno. Alikwishaziwasha upya hadi akachoka, na kila mara mstari wa mwisho ulisema kilekile: imeshindikana.

Ndipo akakumbuka maneno ya Mkimya mwenyewe, aliyemfundisha kazi kwenye meza hiyohiyo: "Usisome mstari wa mwisho peke yake. Panda juu kabisa."

Akapanda.

"Masasisho yamezuiwa hadi Jumatatu. Aliyezuia: Mkimya. Aliyeidhinisha: Bosi. Sababu: fundi wetu anaposwa Jumamosi. Jumatatu nitayaweka mwenyewe. Nampenda kuliko seva zote za jengo hili."

Tarehe ilikuwa ya Jumatano, dakika kumi baada ya ile "Sawa".

Fundi alicheka peke yake, kisha machozi yakamtoka. Akapiga simu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikutumia barua pepe," Mkimya alijibu.

"Ya ofisini?"

"Taarifa ya kazi nitume wapi tena?"

Akaifungua. Kweli ilikuwepo, imezikwa katikati ya tahadhari mia mbili za seva ambazo hakuna fundi anayezisoma.

"Na bosi aliyasoma yote hayo akaidhinisha?"

"Alisema ni sababu ya kiufundi."

Fundi aliangua kicheko. Mkono mwingine ulikuwa tayari unatafuta mkoba.

"Wewe mwanamume utaniua. Nakuja. Na mwambie baba yako asijisumbue kuuliza mara mbili, jibu langu ni ndiyo. Nakupenda."

"Sawa," alisema Mkimya, na safari hii sauti ilimtetemeka.

Nyuma yake mzee mmoja akakohoa.

"Tumesikia, mkwe wetu. Tuko wote kwenye gari, na simu iko kwenye spika."