Kaseti ya Marehemu Josepha

"Zima hiyo redio, Dionis. Zima kabla sijaitupa kisimani."

Mzee Kornel Ngassa hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha watu. Chini ya turubai walikaa ndugu na majirani kama hamsini. Walikuwa wametoka kanisani kwenye misa ya kumbukumbu ya mkewe, Josepha. Walikuwa wameshanawa mikono, wanangoja jambo moja tu kabla ya kula: kusikia sauti ya marehemu. Sauti hiyo ilikuwa kwenye kaseti moja, na duniani haikuwapo ya pili. Josepha alirekodiwa akiimba peke yake wimbo wa komunyo wa kwaya yake, miezi mitatu kabla ya kufariki, miaka tisa iliyopita.

Badala ya wimbo, redio ilitoa mngurumo, kama mabati mia yanaburutwa juu ya changarawe na jitu linasaga meno katikati yake. Watoto waliziba masikio. Kuku walihama uwanja.

Dionis alizima.

"Hiyo si kwaya," alisema Shangazi Mwanne, dada yake Mzee Kornel. "Hayo ni mapepo yamepata ajira."

Mtu mmoja alicheka, akajuta.

"Mwandiko wa juu ni wa Josepha," alisema Mzee Kornel, akiigeuzageuza kaseti. "Ndani kuna nini?"

"Kuna mimi, mzee. Hizo ni kelele zangu. Nimerekodi juu ya mama. Sikujua mpaka sasa hivi," alijibu Dionis.

Koleta, binti pekee wa marehemu, alikuwa amesimama na sufuria ya mchuzi mikononi. Aliitua chini polepole.

"Dionis, sema umekosea kaseti. Sema ya mama iko dukani kwako."

"Siwezi kukudanganya, Koleta."

"Kaseti ile ilivunjwa kijino ili isikubali kurekodiwa tena. Uliziba tundu?"

"Niliziba. Naziba zote kwa karatasi. Mkono umezoea."

Mzee Kornel aliingia ndani, akatoka na barua ya posa, bado imeviringishwa kwenye kitenge kama ilivyoletwa wiki mbili nyuma.

"Nilikuwa nimeshakubali," alisema. "Leo baada ya chakula ningewatangazia watu. Chukua barua yako, kijana. Kwangu umekwisha."

Dionis aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akatoka. Koleta hakumwita.

Sasa tuseme ukweli wa huyu kijana, maana jina lake lilivumishwa vibaya mtaa mzima wa Ng'ambo, hapa Tabora. Dionis alikuwa fundi redio. Redio za watu alizitengeneza zikapona, ila zake mwenyewe aliziharibu kwa makusudi. Alizifunga nyaya ili zipige yowe, akakamata lile yowe kwenye kaseti. Wenyewe wanauita muziki wa kelele. Alikuwa na lebo yake aliyoiita Pumba. Kila toleo lilikuwa nakala thelathini tu, na majalada alikata kwenye mifuko mitupu ya unga. Kaseti mpya hazipatikani kirahisi, kwa hiyo alinunua mafungu ya kaseti kuukuu sokoni, za kwaya na za mahubiri, akarekodi juu yake. Zikishajaa alizipeleka posta, zikaenda Japani na Polandi. Zamani mizigo ya Tabora ilikwenda pwani vichwani mwa watu. Siku hizi kelele za Ng'ambo zinakwenda Ulaya kwa bahasha.

"Watu wananunua kelele?" Shangazi Mwanne aliwahi kumuuliza. "Basi mimi nilizaa saba bila kujua nimefungua duka."

Koleta alimpenda kwa sababu ya mashine. Yeye ndiye aliyeendesha mashine ya kusaga aliyoachiwa na mama yake, na kila mwanaume aliyekuja kumtongoza alianza kwa neno moja: zima kidogo tuongee. Dionis alikuja na kinasa sauti begani, akasema, "Dada, naomba usizime. Naomba nikae tu."

Alikaa mpaka unga ukampaka nyusi nyeupe. Mwisho akasema, "Mkanda wa kushoto umeanza kulegea. Wiki hii utakatika."

Ulikatika Alhamisi. Koleta akajua amempata mwanaume anayesikiliza.

Na ni huyo msikilizaji aliyemfutia mama. Kaseti alipewa aisafishe, maana ilikuwa imeanza kulia. Aliisafisha, akaiweka rafuni pamoja na zake. Asubuhi moja Koleta alimpigia kwamba mashine imefungwa mkanda mwingine mpya, aje arekodi. Akanyakua kaseti ya karibu, akaziba tundu, akakimbia. Alipoirudisha umeme ulikuwa umekatika, hakuijaribu.

Jumatatu ujumbe uliingia kwenye simu ya Koleta.

"Sina la kujitetea. Nimeona niseme hivyo tu."

Jumanne ukaja mwingine.

"Kelele za kaseti ile nilikuwa nizitoe toleo jipya. Nimewaandikia wote kwamba halitoki. Mama hauzwi."

Koleta aliandika, akafuta, akaandika tena: "Usiniandikie."

Nyumbani Shangazi Mwanne hakulala kazini.

"Jumapili wanakuja watu wa kijiji cha Choma," alisema akimenya karanga. "Mzee Shilinde anakuja kumposea mpwa wake, Benjamini. Kijana mpole, mfugaji. Ng'ombe nao wana kelele, lakini angalau wanatoa maziwa."

"Baba anasemaje?"

"Baba yako amesema waje. Ukikataa sema mapema, mama, nisichinje kuku bure."

Koleta alichukua ufunguo wa mashine, akatoka. Siku ya Ijumaa, akimwaga majivu, aliiona kaseti kwenye shimo la taka. Mzee Kornel alikuwa ameitupa. Koleta aliiokota, akaifuta kwa khanga, akaenda nayo mashineni. Wateja hawakuwapo. Aliitia kwenye redio ndogo ya dirishani. Hakutaka kumkumbuka mtu; alitaka aisikilize mpaka mwisho, amchukie Dionis vizuri, Jumapili awaambie watu wa Choma ndiyo.

Kwanza ulikuja ule mngurumo wa siku ya misa. Akauvumilia. Baadaye Dionis alikuwa amezima mitambo yake ya kupigisha yowe, ikabaki mashine peke yake, inasaga sawasawa. Koleta akaitambua. Ilikuwa yake, na mkanda mpya.

Halafu akasikia kitu kinapanda.

Alisimama. Akairudisha nyuma, akabandika sikio kwenye spika. Chini ya mashine, mbali, mtu alikuwa anaimba. Sauti ilipanda juu ya mngurumo, ikazama, ikapanda tena.

Alimpigia Dionis simu.

"Njoo mashineni."

"Koleta? Kuna nini?"

"Usiniulize. Njoo."

Dionis alifika anahema, akasimama mlangoni kama mdaiwa.

"Ingia. Sijakusamehe. Nimekuita kwa sababu sina mwingine mwenye masikio. Sikiliza."

Alisikiliza. Akapiga magoti mbele ya redio, akasikiliza tena.

"Ni yeye," alisema.

"Anafanya nini humo? Ulimfuta."

"Kinasa sauti changu kina kichwa cha kufutia kilicholika. Hakifuti chote, kinapunguza tu. Kila kaseti yangu ina mtu chini yake, mhubiri au mwanakwaya. Nilikuwa naona aibu, naficha kwa kelele." Akainua uso. "Sikufikiri kingeweza kubakiza kitu cha maana. Wala si kwamba nilikusudia. Usije ukanisifu."

"Nani anakusifu?"

"Hakuna."

"Ulimfuta mama yangu, ubovu wa chombo chako ukamwokoa. Hivyo ndivyo nitakavyowaambia."

"Ndivyo ilivyo."

Josepha akaimba mpaka utepe ukaisha.

"Nina rafiki Polandi, ana kompyuta," alisema Dionis. "Pengine anaweza kuondoa mashine, mama abaki peke yake. Hawezi kurudi kama alivyokuwa, lakini..."

"Jumapili uje nyumbani saa tano. Usimame nje ya ua. Ukiitwa, uingie. Usipoitwa, uende zako, na mimi usinitafute tena."

"Na barua?"

"Kwani umeitupa?"

"Niko nayo hapa, ndani ya shati."

Koleta aligeuka dirishani ili asimwone anatabasamu.

Jumapili sebule ilijaa. Mzee Shilinde wa Choma alikuwa mtu wa maneno, kofia gotini, na Benjamini ameketi pembeni yake anatazama sakafu.

Alisalimia, "Mwangaluka, Kornel. Tumeona jiko lako linafuka moshi tukasema tusipite."

"Karibuni. Huo moshi ni wenu."

Kabla habari haijafunguliwa, Koleta aliingia. Hakubeba sinia la chai. Alibeba redio.

"Koleta, kuna wageni," alisema baba yake.

"Ndiyo maana nimekuja sasa, baba, wasikie na wao. Ukishasikia, ukitaka itupwe kisimani nitaitupa mwenyewe."

Alibonyeza. Mashine ikanguruma sebuleni. Shangazi Mwanne aliziba masikio kwa upindo wa khanga. Mzee Kornel aliinuka nusu, uso umebadilika, mkono unaelekea redioni.

Ukaishia hapohapo, hewani.

"Rudisha nyuma," alisema.

Koleta akarudisha.

"Tena."

Mara ya tatu Mzee Kornel alikuwa ameketi, ameshika magoti, machozi yanashuka wala hayafuti.

"Baba," alisema Koleta taratibu, "Dionis ana rafiki mwenye kompyuta. Anasema pengine anaweza kuitoa mashine, mama abaki peke yake."

"Aitoe mashine?" Mzee Kornel alimtazama kama aliyeambiwa nyumba ibomolewe. "Aitoe ya nini? Wewe unajua mimi mama yako nilimpataje?"

"Ulisema mlikutana Ng'ambo."

"Mashineni pale. Nilikuwa mpakiaji wa tumbaku. Mahindi yangu nilipeleka kusaga debe moja moja ili kesho nipate sababu ya kurudi. Yeye alikuwa haachi kuimba akisaga. Maneno sisikii; nasikia sauti inapanda juu ya mashine, inazama, inapanda. Nilimpenda hivyo, kabla hata hatujaongea. Ile kaseti ya kwaya nimeisikiliza miaka tisa, nikawa najiuliza mbona simpati. Kumbe yule alikuwa Josepha wa Jumapili, amevaa sare, amesimama vizuri. Namheshimu." Akaigusa redio kwa kidole kimoja. "Huyu ni Josepha wa Jumatatu. Huyu ndiye mke wangu."

Shangazi Mwanne, aliyeziba masikio, alikuwa ameshayazibua zamani, analia waziwazi.

Mzee Shilinde alivaa kofia yake.

"Kornel, sisi tulikuja kutafuta mke, tumekuta mke wa mtu anarudi nyumbani. Hapa ng'ombe wa Choma hawana pa kusimama. Benjamini, umeelewa?"

"Nimeelewa, mjomba," alisema Benjamini, na kwa mara ya kwanza alionekana amepumua. "Hata mimi nina wangu kule Nzega."

"Unasema leo? Nauli nzima?"

"Hukuniuliza, mjomba."

"Haya. Lakini kuku tutakula, mji huu haunidhulumu mara mbili."

Kicheko kilipotulia, Mzee Kornel aliuliza, "Yuko wapi yule mharibifu?"

"Nje ya ua, baba."

"Aingie."

Dionis aliingia, akavua viatu, akapiga goti. "Shikamooni."

"Marahaba. Ulikosa."

"Nilikosa, mzee."

"Sauti kubaki haikuwa kazi yako."

"Haikuwa. Ni ubovu wa chombo."

"Ungejisifu hapa ningekufukuza mara ya pili. Barua iko wapi?"

Dionis alitia mkono ndani ya shati. Shangazi Mwanne akaruka kama chui.

"Ngoja. Barua iliyorudishwa haipokelewi hivihivi. Shangazi ana faini. Kitendawili."

"Tega."

"Kutwa analia, chozi hatoi, na kijiji kizima kinashiba kilio chake."

Sebule yote ilijua. Hata Benjamini alijua. Koleta alimkazia macho Dionis mpaka karibu yamtoke. Jasho lilimshuka kijana wa watu.

"Mtoto mchanga?"

"Mtoto mchanga kamshibisha nani? Nipe mji."

"Chukua Nzega."

"Nzega siitaki, ina mwenyewe hapa," alisema Shangazi, akimwonyesha Benjamini. "Nipe mwingine."

"Chukua Igunga."

"Igunga nimekwenda, nikapewa kiti, nikala kuku, nikaletewa na michembe, viazi vikavu kwa njugu, wakanipa jibu: mashine ya kusaga. Kumbe hayo masikio umeyavaa kama hereni. Faini yako, unga wa harusi utausaga mwenyewe kwa mkono wako, gunia baada ya gunia, na usiku wa kuamkia harusi nitaukagua kwa kidole."

"Nitausaga, shangazi."

Mzee Kornel alipokea barua kwa mikono miwili, na Shangazi akapiga kigelegele kilichowarudisha wale kuku wa uwanjani mbio.

Uani, Dionis alimkuta Koleta anapakua.

"Umenisamehe?"

"Tangu ulipokosa kitendawili. Mtu aliyetishika hivyo kwa ajili yangu hawezi kuwa mbaya." Akamnyooshea mwiko. "Lakini nikikuona tena unaziba tundu la kaseti bila kuisikiliza kwanza, utakula kwa mkono mmoja."

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Walipotoka kanisani msafara haukwenda ukumbini. Bibi harusi aliamuru upite mashineni. Koleta aliingia na gauni lake jeupe, akawasha swichi. Mashine ikanguruma, matarumbeta yakamezwa, na shangazi zake wakaanza kuimba juu ya mngurumo. Sauti zilizama, zikapanda. Mzee Kornel aliimba kuliko wote, tai imekaa kisogoni.

Dionis alitoa kinasa sauti kwenye koti la harusi. Shangazi Mwanne alimdaka mkono.

"Hiyo kaseti ina nani ndani?"

"Haina mtu, shangazi. Ni mpya."

"Nionyeshe."

Alimwonyesha. Ilikuwa bado kwenye nailoni yake. Shangazi aliigeuza pande zote mbili, nailoni akaichana kwa meno, akaitema.

"Haya, mkwe," alipiga kelele kushinda mashine. "Anza na mimi."