Uyoga wa Kesho

Kule Dzūkija, mkoa wa misitu kusini mwa Lithuania, mtu atakuazima farasi wake, na asali atakupa bila kuombwa. Lakini usimwulize uyoga wake anauchuma wapi. Hilo halisemwi. Mama hamwambii binti, mume hamwambii mke. Wenyewe wana msemo kwamba kama si kuuza uyoga na matunda ya msituni, wasichana wa huko wangetembea uchi.

Janina alikuwa fundi wa uyoga kuliko wote kijijini, na alilijua hilo. Mvua za Agosti zikinyesha, alitoka na kikapu alfajiri, peke yake. Alirudi na uyoga mnene wenye kofia ya kahawia, ule wanaouita mfalme. Mumewe, Stasys, aliusafisha. Rasa, mke wa mwana wao, aliukata na kuuanika juu ya jiko. Tangu aolewe Rasa alikuwa akikata uyoga wa mama mkwe wake, lakini hata siku moja hakuambiwa, "Twende."

Mwaka huo mambo yaligeuka. Mwezi wa Mei kupe alimng'ata Janina nyuma ya goti. Duara jekundu likatokea, likapanuka kama sahani. Daktari alisema ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria wanaobebwa na kupe. Alimpa antibiotiki, naye akazimeza zote mpaka kidonge cha mwisho. Duara likafutika na homa ikaisha. Nyumba nzima ikasema amepona.

Kumbe bado. Magoti na mabega yalimwuma. Uchovu ulimlaza mchana kweupe. Mara nyingine alisimama jikoni na chumvi mkononi, hajui alitaka kuifanyia nini. Kisha siku moja aliamka mzima kabisa, akaimba, akafanya kazi. Halafu akaanguka tena.

"Ugonjwa gani huu usio na adabu?" alisema. "Unaaga vizuri, halafu unarudi kuchukua kofia."

Stasys alikuwa na jibu lake. "Ni jasho halijatoka." Akamwingiza kwenye kibanda cha mvuke, akampiga mgongo kwa matawi ya mti kama ilivyo desturi. Janina alitoka mwekundu kama nyanya, na kizunguzungu juu.

"Jasho limetoka," alisema. "Uchovu umebaki ndani, umekaa raha mustarehe."

Janina hakuwa mtu wa kulia tu. Alitaka kujua. Je, ni mwezi mpevu? Aliutazama mwezi. Je, ni maziwa? Aliacha maziwa. Je, ni mbwa? Mbwa maskini alifukuzwa jikoni, na hali haikubadilika. Mwishowe alimgeukia mumewe.

"Stasys, vile vidonge vyako vya jino viko wapi? Navyo si antibiotiki?"

"Viko kabatini. Vimebaki vinne."

"Mama, usivimeze!" Rasa alisema. "Twende kwanza kwa nesi Jolita."

"Jolita? Yule niliyempangusa kamasi mwenyewe?"

"Huyohuyo. Sasa anajua kupangusa za wengine."

Kesho yake wakaenda zahanati. Jolita alimkalisha karibu na dirisha.

"Mama Janina, daktari ameyatazama majibu ya vipimo vyako vya wiki iliyopita. Damu inatosha. Tezi ya shingoni iko sawa, na moyo pia. Hukung'atwa upya, maana duara jipya halipo."

"Lakini kipimo cha Lyme bado kinaonyesha ninao! Niliona mwenyewe."

"Kinaweza kuonyesha hivyo kwa miaka. Kipimo kile hakitafuti bakteria. Kinatafuta askari wa mwili waliopigana nao. Vita vimekwisha, askari bado wako kambini."

Janina akasogeza kiti mbele. Jambo hili lilimpendeza. "Basi kama vita vimekwisha, mbona mimi naumwa?"

"Hapo hata wataalamu bado wanatafuta. Watu wachache hubaki na uchovu na maumivu baada ya kutibiwa. Si uvivu, wala si mawazo yako tu. Wengi hupata nafuu polepole, baada ya miezi, na wengine huchukua muda zaidi."

"Niongeze vidonge basi."

"Imeshajaribiwa. Watu waliomeza antibiotiki kwa muda mrefu hawakupona zaidi ya wengine. Ila wapo zilizowadhuru."

"Na vya jino la mzee?"

"Vya jino la mzee ni vya jino la mzee. Vipeleke duka la dawa wakaviteketeze." Kisha Jolita akauliza, "Mara ya mwisho ulianguka lini?"

"Jumatatu."

"Jumapili ulifanya nini?"

"Nilikaa tu na wageni."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nilikuwa mzima! Nilikwenda..."

"Alirudi na vikapu viwili," Rasa alisema, "na aproni imejaa."

"Na mara ya kabla yake?"

"Alifua mapazia yote, akapalilia viazi vyote, akamwosha na mbwa."

Janina alitazama nje, akihesabu moyoni. Kufua, kisha kuanguka. Kupalilia, kisha kuanguka. Si siku ileile, bali siku moja au mbili baadaye. Ndiyo maana hakuwahi kuona.

"Kumbe si mwezi!" alisema, karibu acheke. "Ni mimi!"

"Si kosa lako. Nguvu zako sasa ni kama kuni za mwisho wa baridi. Ukiziwasha zote leo utapata joto leo, kesho utatetemeka. Fanya kidogo, pumzika, kisha ufanye kidogo tena. Acha ukiwa bado unaweza kuendelea. Lala saa zilezile. Tembea kila siku, lakini taratibu. Na ukiona duara jipya, au homa, au goti limevimba, au uso umelegea upande mmoja, au moyo unadunda ovyo, njoo siku hiyohiyo."

"Niache nikiwa bado naweza? Na uyoga nao niuache umesimama? Mwanangu, wewe ni wa hapa kweli? Uyoga wa kesho ni uyoga wa jirani!"

"Basi nenda na mtu akusaidie kuchuma."

Janina alifunga kitambaa chake kichwani, akatoka.

Nyumbani alijaribu, kwa sababu alitaka kuona kama ni kweli. Alipalilia tuta moja tu, akakaa. Alifua shuka moja, akakaa. Ilimwuma kukaa huku kazi inamtazama, lakini siku mbili baadaye aliamka akiwa na nguvu zake. Akajaribu tena, ikawa vilevile. "Jolita ana akili," alisema. "Mimi ndiye niliyempangusa."

Kisha mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi msitu ulinukia. Janina akasahau yote. Alichukua kikapu, akatoka kimyakimya kama mwizi.

Mahali pake palikuwa penye misonobari mitatu, nyuma ya kinamasi. Uyoga ulikuwa umejaa! Aliinama, akakata. Mgongo ukasema basi. Akaendelea. Magoti yakasema basi. Akaendelea, maana wa kesho ni wa jirani. Alipoinua kichwa, miti yote ilikuwa sawa. Kushoto au kulia? Msitu aliokulia ndani yake tangu utotoni, na sasa hakujua njia ya kwenda kwake. Akaketi chini kwenye majani laini, akaogopa.

Mara akasikia sauti kwa mbali. "Mama! Mamaa!"

Alikuwa Rasa. Janina akafungua mdomo, akaufunga. Akijibu, Rasa atapaona mahali hapa. Akanyamaza. Sauti ikakaribia, ikapita, ikaanza kwenda zake. Hapo Janina akajiona jinsi alivyo: mwanamke mzima, amepotea, anajificha kwa ajili ya uyoga.

"Niko hapa!" alipiga kelele. "Rasa! Hapa!"

Rasa alikuja mbio, suruali imechomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Alimwona mama mkwe wake. Kisha akauona uyoga pande zote. Papo hapo akageuka na kufumba macho kwa viganja.

"Mama, sijaona kitu. Nipe mkono tu, nitakutoa hivihivi."

Machozi yalimtoka Janina, na kicheko pia.

"Utanitoaje umefumba macho, we mtoto? Tutaishia kinamasini. Fumbua. Chukua kisu. Kata hapa chini, usiung'oe. Mimi nitapumzika nikikutazama."

Toka siku hiyo walikwenda wawili. Janina alichuma kidogo, akakaa juu ya gogo huku Rasa akiendelea. Alipohisi bado ana nguvu alisema, "Tosha," hata kama uyoga umebaki. Mara ya kwanza ilimchoma rohoni. Waliporudi kesho yake waliukuta palepale, mkubwa zaidi. Nyumbani walikaguana kupe nyuma ya magoti na shingoni, na aliyeonekana walimtoa kwa kibano, bila kumpaka siagi kama zamani.

Uchovu haukuondoka kwa mara moja. Siku mbaya zilikuja, lakini kwa nadra, wala hazikumlaza kama zamani. Chumvi iliingia kwenye sufuria. Theluji ilipoanguka, shada za uyoga mkavu zilining'inia juu ya jiko kama kila mwaka.

Stasys alizitazama, akamsogelea Rasa na kumnong'oneza.

"Mwanangu, hebu niambie mimi tu. Huu mnauchuma wapi?"

Rasa aliendelea kukata mkate.

"Msituni, Baba," alisema.

Na Janina, kwenye kiti chake kando ya jiko, akacheka mpaka akalazimika kupumzika.