Pumzi ya Noeline

Themostati ya rejeta haifunguki ndani ya maji baridi. Murdoch Lyall alilijua hilo kama alivyojua jina lake, maana kwa miaka thelathini na nane, katika banda lake la mawe pale mjini Oamaru, hakuwa na kazi nyingine. Magari ya zamani, ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, yana vibao vya bati mbele ya rejeta, vinavyofunguka na kujifunga kama dirisha. Kinachovisukuma ndiyo themostati yenyewe, kikopo cha shaba chenye mikunjo, kikubwa kama kikombe, kilichotiwa spiriti kidogo kikazibwa kwa lehemu. Injini ikipata moto, spiriti inageuka mvuke, kikopo kinarefuka, vibao vinafunguka. Ikipoa, kinasinyaa. Hakuna uchawi hapo.

Ila asubuhi ile ya Julai, ambayo kwetu kusini ni katikati ya baridi, kikopo cha gari la mkulima Colin Pringle kilirefuka ndani ya sufuria ya maji ya barafu. Kikasinyaa, kisha kikarefuka tena, polepole, kama tumbo la mtu aliyelala.

"Kimetoboka hiki," Murdoch akajisemea, ingawa kikopo kilichotoboka hakirefuki na kusinyaa hivyo, na yeye alijua.

Mahali pa tone moja la lehemu, mtu alikuwa amerundika matone juu ya matone. Murdoch alimcheka fundi huyo mwoga akayayeyusha yote. Hewa ikatoka. Ikatoka, ikazidi kutoka, muda mrefu kuliko inavyoweza kukaa ndani ya kikombe, na haikunuka spiriti bali tumbaku ya kiko na nguo zilizofungiwa kabatini.

Sasa, kikopo kikifunguliwa hupimwa kwanza kama kinavuja. Mafundi wengine hutumia pampu ya baiskeli. Murdoch alikuwa na Noeline. Vumbi la breki lilikwisha kumharibia yeye kifua, lakini mkewe alipiga tarumbeta kwenye bendi ya mji miaka ishirini, na kila siku baada ya chai alikuja bandani kumpulizia vikopo vyake. Yalikuwa mapenzi yao ya uzeeni, na sisi majirani tuliwatania sana.

"Lete mapafu, bibie," Murdoch akaita.

"Mapafu yanataka mkate wa jibini kwanza."

"Puliza, utakula. Msafara wa magari ya zamani ni Jumamosi, Colin atanila nyama."

Noeline akapuliza kwa kibomba chake, kikopo kikiwa ndani ya maji. Hakuna povu, kikopo kizima. Lakini hakutoa mdomo. Mashavu yake yalibonyea, macho yakamtoka, mpaka Murdoch akamvuta bega kwa nguvu.

"Kimenivuta," akasema, akikohoa.

"Kitu gani?"

"Hicho, Murdoch! Mimi napuliza, chenyewe kinavuta."

Hapo ndipo Murdoch alipokosea, kosa ambalo angemfukuzia kazi fundi mwingine. Kabla ya kuziba kikopo, spiriti lazima ichemshwe humo mpaka mvuke uifukuze hewa yote. Alitia spiriti, lakini mkewe alikuwa anakohoa na yeye alitaka kumpeleka ndani akapumzike. Akadondosha lehemu haraka, akaziba. Pumzi ya Noeline ikabaki humo.

Ijumaa alikifunga kwenye gari la Colin, mle bandani. Injini ilikuwa baridi kama mawe ya banda, na vibao vikaanza kufunguka. Ta-ta-ta. Vikajifunga. Ta-ta-ta. Kupitia mlango aliweza kumwona Noeline jikoni akikanda unga. Vibao vikifunguka, mabega yake yanapanda. Vikijifunga, yanashuka. Murdoch alijiambia uzee umemfika. Kisha, ili ajitoe wasiwasi, akavibana vibao kwa kiganja visifunguke.

Bakuli likapasuka jikoni. Akaachia mkono kama aliyeungua.

"Si kitu!" Noeline akaita, akihema. "Hewa imenikatika kidogo tu."

Murdoch hakumwambia. Angemwambia nini? Jumamosi asubuhi alikuwa amekaa naye mezani, akitafuta maneno ya kumnyima Colin gari lake, aliposikia injini ikinguruma bandani. Colin alikuwa amejifungulia mwenyewe. Noeline akavuta pumzi, akaendelea kuvuta, kifua kikapanda na kukataa kushuka, akashika ukingo wa meza, midomo ikabadilika rangi, na Murdoch akakimbia na viatu vya ndani juu ya barafu, akimpungia Colin azime, na Colin akampungia naye akicheka, akidhani anasalimiwa, huku vibao vimetanuka vyote mbele ya rejeta na havirudi, mpaka mzee akaingiza mkono dirishani, akazima, na kwa kuwa moto haupoi kwa kuzimwa, akanyanyua ndoo ya maji ya barafu akaimwaga juu ya rejeta, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, na rejeta ikapasuka kwa mlio.

Vibao vikajifunga. Jikoni mtu akalia kwa sauti. Alikuwa hai.

"Mzee Murdoch, umerukwa na akili?" Colin akafoka. Kisha akanusa, na uso ukamshuka. "Hii tumbaku ni ya babu. Umekifungua?"

"Ulitaka nikitengeneze vipi?"

"Babu alikuwa anavipuliza mwenyewe, kwa mdomo. Baada ya hiki hakuwa mtu tena." Colin alinong'ona kama vile gari linasikia. "Baba alirundika lehemu, jini lililokula pumzi ya babu lisitoke kutafuta nyingine. Nilidhani ni maneno ya wazee tu."

"Babu yako aliishi mpaka lini?"

"Mpaka kilipovuja."

Colin aliondoka kwa miguu, na gari hajalirudia. Mchungaji alikuja, akasoma na kuomba mpaka akakauka koo. Vibao havikukosa hata pigo moja. Alipoondoka, Murdoch alikitoa kikopo kwa vidole viwili, akakilaza juu ya flaneli, mahali pasipo na jua.

Hawezi kukifungua. Hawezi kukiongezea lehemu, maana lehemu ni moto, na moto ameuona ulichofanya. Na anaijua shaba. Garini hukunjwa mara chache kwa siku, hata hivyo mwisho huchoka na kupasuka. Hii inakunjwa mara elfu ishirini kwa siku, usingizini na mchana. Kwa hiyo kila asubuhi anakipaka maji ya sabuni kwa brashi laini, anainama na miwani yake, anatafuta povu. Fundi mzima, hana la kufanya ila kutazama.

Leo asubuhi, kwenye mkunjo wa tatu, povu liliinuka, dogo kama punje ya haradali. Likapasuka. Likaota jingine.

"Murdoch!" Noeline akaita kutoka jikoni. "Funga mlango basi, naona upepo."

Mlango ulikuwa umefungwa.