Sanduku Namba Kumi na Nne

Jumatatu asubuhi, Oktoba 1980, sanduku la kura namba kumi na nne halikuwepo. Mengine yalikuwa yamepangwa ukutani katika darasa la tatu, kwenye shule moja ya msingi pale Karatu, yakisubiri kuhesabiwa saa sita mchana.

Inspekta Olais aliinama akakagua kufuli la mlango. Halikuwa limevunjwa.

Nje watu walizidi kujazana. Chama kilikuwa kimoja, wagombea wawili. Mzee Qamara, wa ukoo wa machifu, mbunge kwa miaka kumi na mitano, alama yake ilikuwa Nyumba. Mkunga Cresensia, aliyetaka mashamba makubwa ya ngano yawe ya ushirika, alipewa Jembe. Kwa mara ya kwanza wakulima wa Karatu na wafugaji wa Ngorongoro walikuwa upande mmoja, upande wa mkunga. Sasa walishika mawe.

"Qamara ametuibia," mtu alisema dirishani.

Olais alimwita Tobiko, mgambo aliyelinda darasa.

"Ufunguo anao nani?"

"Mwalimu mkuu tu, afande."

"Alikuja?"

"Alfajiri. Alisema anakagua lakiri, ile nta ya muhuri kwenye masanduku. Akaniambia nikanywe chai kwake."

"Ukaenda?"

Tobiko alitazama chini. "Baridi ilikuwa kali, afande."

Mwalimu mkuu Bartolomeo alikuwa ofisini, tai shingoni. Olais alimtazama mikono. Chini ya kucha za vidole gumba palikuwa na chembe nyekundu za lakiri.

"Mwalimu, mtu anayekagua lakiri haibandui."

Jiwe likagonga bati juu yao.

"Wale wanakwenda kuchoma kwa Qamara. Wajukuu zake wamo ndani. Sanduku liko wapi?"

"Stoo ya mahindi."

Walilikuta chini ya magunia, lakiri imebanduliwa, kura zote zimo.

"Qamara alikutuma?"

"Qamara?" Sauti ya mwalimu ilikwaruza. "Mwaka sabini na tano, watu walipohamishiwa vijijini, yeye ndiye aliyesimamia nyumba yangu ikibomolewa. Mvua inanyesha. Binti yangu Bernadina alikuwa na homa ya mapafu. Hakumaliza wiki."

"Basi kwa nini uibe?"

"Hilo sanduku ni la kijiji changu. Nilitaka kujua kama wamesahau. Nikafungua. Karatasi za juu zote Nyumba. Nikaona bora zipotee."

Olais alimfunga pingu, akatoka akawaeleza watu nani kaiba na kwa nini. Mawe yaliachwa uwanjani, moja moja.

Msimamizi wa uchaguzi alizikataa kura zile kwa kuwa lakiri ilikuwa imebanduliwa. Zilihesabiwa kwa ajili ya ushahidi tu. Jioni Qamara alitangazwa mshindi, tofauti ya kura mia moja na arobaini.

Bartolomeo aliuliza kupitia nondo za mahabusu, "Za kijijini kwetu zilikuwaje?"

Olais alifungua daftari lake. "Za juu ni za waliofika mwisho, wale walioletwa na lori la Qamara. Nyumba, tisini na sita."

"Na Jembe?"

"Mia tatu na kumi na moja."

Mwalimu alipiga hesabu, midomo ikichezacheza bila sauti: Jembe mia mbili na kumi na tano zaidi, na Qamara kashinda kwa mia moja na arobaini tu. Kisha akakaa sakafuni.