Siyo Mapafu ya Baba

Nyumbani kwetu Geita hatukuhitaji saa ya kutuamsha, maana kikohozi cha Baba kilitosha. Kikianza tu kule chumbani, mimi naamka, nakunja mkeka, nafagia uwanja na kuwasha mkaa. Uji ukichemka, Mama anatoka na mdogo wangu Mihayo mgongoni. Mihayo alikuwa na miezi minane. Baba alitoka wa mwisho, mkono ubavuni, akisema maneno yale yale, "Ni vumbi tu la karasha." Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na Baba alifanya kazi hapo tangu nikiwa darasa la pili. Jioni alirudi na vumbi jeupe hadi kwenye kope.

"Vumbi gani la wiki sita?" Mama alimuuliza asubuhi moja. "Baba Skola, nenda ukapime. Umekonda mpaka mkanda umeishiwa matundu."

"Nitaenda."

"Hiyo 'nitaenda' yako nimeichoka."

Aliyemsukuma hasa ni msimamizi wao, Mzee Stanslaus, aliyemwambia asirudi kazini mpaka alete picha ya eksirei ya kifua. Basi siku ya Jumatano Baba akaoga, akavaa shati la kanisani, akaondoka na rafiki yake Mwigulu kwenda kituo cha afya. Mwigulu tulimwita Baba Mdogo, ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Ni mtu wa utani mwingi. Mwaka uliotangulia alianguka shimoni akavunjika mfupa karibu na bega, ukaunga vibaya na kuacha uvimbe. Alikuwa akituita watoto, "Haya, njooni mguse nundu, leo bure!" Nasi tulimgusa huku tukicheka.

Walirudi mchana. Baba alishika bahasha kubwa ya kaki, akampa Mama kwa mikono miwili.

"Mapafu safi," alisema.

Ndani mlikuwa na picha nyeusi na karatasi yenye jina lake, Donatus Charles. Mama aliisoma karatasi ile mara tatu, kisha akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Siku hiyo tulikula wali na kuku. Kwa wiki mbili Mama alikuwa amelala na Mihayo chumbani kwangu, kwa kuogopa kile kikohozi. Usiku ule alimrudisha mtoto kitandani kwa Baba. Na Baba alimwona akimrudisha, akanyamaza. Hilo linanichoma mpaka leo.

Kesho yake Baba alimwonyesha Mzee Stanslaus ile picha, akaruhusiwa kurudi karasha. Wiki iliyofuata Mwalimu Suzana, wa darasa letu la sita, alitutangazia kwamba Ijumaa tungetembelewa na mtaalamu wa mionzi. Mwenye picha ya eksirei nyumbani angeweza kuileta. Mimi huyo! Niliichomoa bahasha chini ya kitanda cha wazazi bila kumwomba mtu ruhusa. Nilitaka kuringa, sitawaficha. Ni nani mwingine darasani ambaye baba yake alikuwa na mapafu yaliyothibitishwa kwa karatasi?

Mgeni aliitwa Bi Rebeka. Alianza kwa kuruhusu maswali, na darasa letu kwa maswali halijambo.

"Shikamoo. Ile mashine inauma?"

"Marahaba. Haiumi. Unasimama, unavuta pumzi, unaibana kidogo, basi. Husikii chochote."

"Kwa nini mtu anaambiwa avue mkufu?"

"Chuma huzuia mionzi. Kwenye picha kinatokea cheupe kabisa na kuficha kilicho nyuma yake."

Sostenes, ambaye hajawahi kuacha nafasi ya kuchekesha impite, alisimama. "Je, mtu akimeza dhahabu, inaonekana?"

Darasa zima lilicheka. Bi Rebeka naye alicheka. "Inaonekana nyeupe pe! Kwa hiyo waambie wanaokutuma wasijisumbue."

Ndipo nilipopeleka bahasha yangu mbele.

"Mwenye picha amekuruhusu?" aliniuliza taratibu.

"Ndiyo," nikasema. Uongo mkavu.

Alifunika jina kwa kipande cha karatasi, akatuambia kwamba habari za mgonjwa ni siri yake. Kisha akaiinua picha dirishani kwenye mwanga. "Mapafu yamejaa hewa, ndiyo maana yanaonekana meusi. Huu hapa ni moyo. Hizi nyeupe ni mbavu. Na tazameni hapa kushoto. Mfupa huu unaotoka shingoni kwenda begani unaitwa mtulinga. Huyu aliwahi kuvunjika mtulinga, na ncha zimeunga zikiwa zimepandana. Ukimgusa hapa utakuta uvimbe."

Wenzangu walisogea kuona. Mimi nilibaki pale pale, nimeshika dawati la mbele. Uvimbe ule niliufahamu, nimeugusa kwa vidole vyangu hivi hivi. Haukuwa wa Baba. Mabega ya Baba nimeyapanda tangu sijajua kutembea, na yote mawili ni mazima.

"Samahani," nikauliza. "Mfupa unaweza kuonekana hivyo kumbe haukuwahi kuvunjika?"

"Huu? Hapana, binti. Huu umevunjika na ukaunga."

Nilirudi kwenye dawati langu. Sikusikia tena swali hata moja.

Jioni nilimngojea Baba njiani, mahali anapopita akitoka karasha. Aliponiona na bahasha mkononi alisimama.

"Baba, ulivunjika mtulinga lini?"

Hakuniuliza mtulinga ni nini. Aliitazama bahasha, akatazama huku na huku, akakaa kwenye jiwe.

"Mayu," alisema. Hivyo ndivyo anavyoniita akitaka kunibembeleza, kwa Kisukuma, kama vile mimi ni mama yake. "Kaa hapa."

"Nitasimama."

Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasema. Walipofika mlangoni pa chumba cha eksirei miguu ilimgoma. Alimkumbuka Pantaleo, mwenzake wa kazi, aliyepigwa picha na kabla ya mwezi kwisha wakamzika. Watu walisema mionzi ndiyo iliyommaliza. Na tena, je, wakikuta kifua kikuu? Nani angemrudisha kazini? Mwigulu akamwambia, "Mimi kifua changu kizima, niache niingie kwa jina lako." Jina lilipoitwa, Mwigulu akaitika.

"Kwa hiyo karatasi ile ni ya Baba Mdogo."

"Nitakwenda kupima mwenyewe nikipata nafasi. Lakini mama yako asijue. Niahidi."

Jamani! Huyu ndiye baba aliyenipigisha magoti mchana kutwa kwa sababu nilidanganya kwamba nimefua sare. Huyu ndiye aliyesema nyumba yake haina nafasi ya mwongo. Nilitamani kupiga kelele. Badala yake nililia, na hasira iliniuma zaidi kwa sababu alininyooshea mkono nami nikarudi nyuma.

Sikumwahidi, lakini sikusema pia. Ijumaa ile nilinyamaza. Jumamosi nikanyamaza. Jumapili kanisani nilikaa katikati yao nikashindwa kuimba. Kila Mama alipokuwa akimwambia jirani, "Tunamshukuru Mungu, mapafu safi," nilitafuta kazi ya kunitoa pale. Nilijiambia ni mambo ya wakubwa. Nilijiambia Baba atakwenda kesho. Mihayo naye alikuwa akikohoa siku nyingi, nasi tulidhani ni mafua ya watoto.

Jumatatu alfajiri Mihayo alikataa ziwa. Mwili wake ulikuwa moto na shingo imelegea. Baba alikuwa ameshaondoka. Mama alimfunga kanga, nami nikabeba mfuko, tukapanda bodaboda mpaka kituo cha afya. Daktari Ngusa alimpima, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, akatazama kadi ya kliniki.

"Uzito haujaongezeka miezi miwili," alisema. "Mama, nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa?"

"Baba yake. Lakini yeye si tatizo, daktari. Alipigwa picha hapa hapa." Mama alifungua mfuko, akatoa ile karatasi iliyokunjwa vizuri. Kumbe alikuwa akitembea nayo. "Mapafu yake ni safi."

Daktari aliipokea, akaanza kuisoma. Mihayo alilia kidogo sana, kilio kisicho na nguvu. Nikaona nikinyamaza sasa, sitaweza tena kumtazama mdogo wangu.

"Siyo mapafu ya Baba," nikasema.

Mama aligeuka. "Unasema nini wewe?"

"Ni ya Baba Mdogo Mwigulu. Aliingia yeye kwa jina la Baba. Mtulinga wake umeonekana kwenye picha. Baba mwenyewe amekiri."

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini, akamkumbatia Mihayo. "Nilimlaza mtoto pembeni yake," alisema. "Kwa kuamini karatasi hii." Kisha akaniinulia macho. "Ulijua lini, Skola?"

"Ijumaa."

"Leo Jumatatu."

Jinsi alivyonitazama ndivyo nami nilivyomtazama Baba njiani.

Baba alipigiwa simu akaja na vumbi lake, na Mwigulu nyuma yake. Mwigulu alijaribu kufungua mdomo. Mama alimwambia, "Utani wako leo uache nje," naye akabaki nje.

Daktari alitaka Baba apigwe picha, na Mihayo pia. Tulimkuta Bi Rebeka kwenye chumba cha eksirei. Alinitambua, akaliona jina kwenye ile karatasi, akaelewa bila kuambiwa. Hakumsema Baba. Alimuuliza tu jina lake kamili, na Baba akalitaja akitazama sakafu.

"Una swali kabla hatujaanza?"

"Mionzi hii... inabaki mwilini?" Baba aliuliza. " Kuna mwenzetu alipigwa picha, akafa."

"Haibaki. Ni sawa na kuzima taa, mwanga haukai chumbani. Na kwa picha moja ya kifua mionzi ni kidogo sana. Huyo mwenzenu simjui, na hata ningemjua nisingetoa habari zake. Ninachokijua ni kwamba wengi wanakuja hapa ugonjwa umeshawala, halafu lawama inabebeshwa picha."

"Na mtoto mdogo hivi?" Mama aliuliza.

"Tunampiga kwa kipimo chake, kidogo kuliko cha mkubwa, na pale tu daktari anapoona inahitajika, kama leo. Wewe utamshika. Niambie ukweli, una mimba? Kama unayo, atamshika mtu mwingine."

"Sina."

Baba alivua shati na msalaba wake wa chuma. Nilimwona mgongo, mbavu zote zinahesabika. Aliingia mwenyewe, akavuta pumzi, akaibana. Ilikuwa imekwisha kabla sijahesabu tano. Alitoka akisema kwa mshangao, "Ndiyo hivyo tu?" Mama aligeuza uso upande wa ukuta.

Picha ya Baba haikuwa nyeusi kule juu. Ilikuwa na mawingu. Makohozi yalipimwa, jibu likaja kwamba ni kifua kikuu. Mihayo naye alikuwa nacho. Daktari Ngusa alituambia kinatibika, dawa ni bure, ila zimezwe kila siku bila kuruka. Kwa Baba ni miezi sita. Mama nami tulipimwa, tukakutwa salama. Mzee Stanslaus naye aliposikia alikuja nyumbani, akasema kazi itamngoja Baba mpaka daktari amruhusu. Kazi ile ile aliyoogopa kuipoteza!

Mihayo alianza kunyonya tena siku ya nne. Baada ya wiki tatu alicheka, na Mama akalia. Lakini Mama na Baba waliongea maneno machache tu: chakula, dawa, maji. Na mimi nilipomaliza kumpelekea Baba maji ya dawa nilikuwa nikiondoka haraka.

Asubuhi moja aliniita kabla sijaondoka.

"Skola, kaa. Au simama, ukipenda."

Nikasimama.

"Kuogopa hakukuwa kosa langu," alisema. "Kila mtu anaogopa. Ningemwambia mama yako naogopa, angenishika mkono tukaingia wote. Ningemuuliza yule dada maswali yangu, angenijibu, si umeona? Mimi nikaona bora nitafute karatasi nzuri. Karatasi haikunitibu, mayu. Ilimfunga mama yako macho na kumrudisha mdogo wako karibu na ugonjwa wangu. Halafu nikakubebesha wewe siri ambayo si ya mtoto. Usije ukamdanganya anayetaka kukuponya, wala wale wanaolala nyumba moja nawe. Nisamehe."

Nilisikia kila neno. Nilitaka kusema yameisha, kwa sababu ndivyo watoto wenye adabu wanavyosema. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, hata ule wa adabu.

"Baba, bado inaniuma. Nikisema nimekusamehe leo, nitakuwa nakudanganya."

Aliitikia kwa kichwa. Akaweka vidonge mdomoni, akanywa maji yote, akanionyesha kikombe kitupu.

"Mimi nina miezi mitano imebaki," alisema. "Wewe chukua muda wowote unaoutaka. Nitakungoja."