Vibwengo wa Sura ya Tisa

"Kitabu hicho nimekiona mimi kwanza!"

"Wewe umekiona, mimi nimekishika."

Ilikuwa siku ya mnada Tarime, vumbi, ng'ombe na kelele. Nyangi, khanga nyekundu kiunoni na mwanawe Magige mgongoni, alikamata upande mmoja wa kitabu. Upande wa pili alikamata kijana mrefu wa suruali ya bugaluu, vidole vyeusi kwa grisi. Kilikuwa kitabu cha pili cha hadithi za bibi msomi anayezunguka misituni na kamba ya kupimia, akichunguza vibwengo: wanakula nini, wanacheka lini, wanaogopa nini. Cha kwanza Nyangi alikisoma darasa la jioni mpaka jalada likachoka.

"Naitwa Method, fundi baiskeli. Tukichane katikati?"

"Ukikichana nakuchana wewe. Pamoja na hiyo suruali inayofagia soko!"

Method alicheka mpaka akakohoa. Wakakinunua pamoja kwa sharti moja: kisomwe wote wawili wakiwepo, baada ya darasa, na asiwepo wa kutangulia mbele. Kikawa kinalala kwa Method.

Sura ya kwanza walikaa mbalimbali kwenye benchi. Kufikia ya tano, "fundi" alishakuwa "mpenzi", na Method alishamwambia linalomkosesha raha: mama yake, kule Susuni, hataki mkwe aliyezalia nyumbani, tena wa vitabu.

"Nipe muda, mpenzi wangu. Nitamlainisha."

Siku moja, kwenye mashine ya kusaga, Mwanne, jirani yake Nyangi, akamshika mkono. "Shoga, yule bibi msomi kafungwa na mfalme wa vibwengo!"

Nyangi akashtuka. Hiyo si sura waliyofika. "Nani kakwambia?"

"Nilipita Susuni. Method wako anamsomea mwanamke mmoja ndani, wanacheka mpaka barabarani."

Unga ulimmwagikia miguuni. Jioni hiyo hakwenda darasani. Method alipokuja kumwita, alimjibia dirishani.

"Kamsomee wako wa Susuni!"

"Nyangi, sikiliza kwanza..."

"Ulishatangulia. Endelea tu."

Method akaruka juu ya baiskeli na kuondoka mbio.

Kesho yake mchana kengele ya baiskeli ikalia uani. Kwenye keria alikaa mama mmoja mnene, kitambaa cheupe kichwani, kitabu kakikumbatia kama kuku wa zawadi.

"Shikamoo, mama," Nyangi akasema.

"Marahaba. Ndiye wewe? Mwanamke wa Susuni ni mimi." Akamwonyesha Method kwa kidole. "Mura huyu, kijana wangu, anasoma kama anatafuna mawe! Kaniachia bibi wa watu kifungoni, sura ya tisa, sijalala. Nilisema wa vitabu ataunguza ugali. Wacha uungue! Kaa hapa, nisomee."

"Mama, na mtoto..."

"Mtoto lete."

Magige akapokewa mapajani. Nyangi akasoma: msomi akawachekesha walinzi kwa kuwapima masikio kwa kamba yake, akatoka kifungoni kichwa juu. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Kuna cha tatu?" akauliza.

"Hakijatoka, mama."

"Basi kikitoka utanisomea nyumbani kwangu, ukiwa mkwe wangu. Wewe mura, unanitazama nini? Katenge ng'ombe wa mahari!"